Tupeane uzoefu: umefanyaje taa za mbele za pikapu yako ya zamani zikaangaza?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Swali la "pikapu yangu ni ya zamani, taa zake hafifu, niweke nini?" limekuwa likiulizwa kila mara na majibu yake yametawanyika. Naomba tuyaweke hapa. Kila aliyewahi kuhangaika na taa za mbele aeleze alianza na nini, alibadilisha nini, na usiku aliona tofauti gani. Kama kuna jambo lilikuharibikia, hilo ndilo lenye faida zaidi kwa wenzako. Vipimo vikiwepo, viweke.

Naanza na yangu. Gari ni pikapu ya 1986, dizeli, taa mbili za duara za inchi 7, zile ambazo kioo na balbu ni kitu kimoja. Ikiungua unatupa taa nzima. Usiku mmoja wa mvua mtu alikuwa anasukuma baiskeli pembeni ya barabara, haina kiakisi. Nilimwona akiwa hatua chache mbele ya bampa. Nilikanyaga breki, gari likateleza likasimama kimshazari. Yule bwana alinitazama, maji yanamchuruzika usoni, akaendelea kusukuma baiskeli yake. Mimi nilibaki pale na mikono inatetemeka.

Kesho yake nikanunua taa za kioo zinazopokea balbu ya halojeni aina ya H4, wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa karibu). Nikafunga kwa furaha. Usiku ulipoingia sikuona mabadiliko ya maana, na nilikata tamaa kabisa.

Aliyenifumbua macho ni fundi umeme mmoja mtu mzima. Hakugusa taa. Alichukua mita, akaniambia niwashe injini na taa, akapima kwenye betri: volti 13.9. Akapima nyuma ya balbu, kwenye soketi yenyewe, taa zikiwa zinawaka: 11.6. Volti mbili na ushee zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye swichi iliyochakaa, kwenye viungio vyenye kutu ya kijani na kwenye waya mwembamba ambao umeme wote wa taa ulipita kutoka betri hadi kwenye usukani na kurudi mbele.

Balbu ya halojeni haipungui mwanga sawasawa na volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa nimepoteza karibu nusu ya mwanga, halafu nalaumu balbu.

Tukafunga rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, moja ya dimu na moja ya fulu. Mguu namba 30 unachukua umeme moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri ili waya ukikwaruzika mahali usiwake moto. Namba 87 inakwenda kwenye balbu. Kati ya namba 85 na 86, moja inakwenda kwenye ethi (umeme unakorudi kupitia bodi) na nyingine inapokea waya wa zamani, ambao sasa kazi yake ni kuamsha rilei tu, sehemu ndogo sana ya ampea moja, badala ya kubeba ampea 9 za balbu mbili za wati 55. Waya mkuu tuliweka wa milimita 4 za mraba, na wa kwenda kila taa 2.5. Mwisho akavuta waya wa ethi wa kila taa peke yake, akakwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti na kupaka grisi juu.

Tukapima tena: 13.5 kwenye soketi. Balbu zilezile, taa zilezile. Nilipoelekea ukutani nikafulu, nilinyamaza kidogo. Hebu nanyi semeni.

Gurudumu la Nne

Mkuu, umenigusa. Mimi nilikuwa nimeshatenga hela ya kununua taa za LED nzima nzima. Ngoja kwanza niazime mita nipime, nitarudi hapa.

Dizeli Tupu

Yangu ni ya kuwaonya wenzangu. Mimi sikupima, nilikwenda moja kwa moja kununua balbu za wati 100 kwa 90, na nikazipachika kwenye waya wa kiwandani. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili, niko kwenye mteremko wenye kona usiku, nimewasha fulu, nikasikia harufu kama ya sahani ya plastiki iliyoachwa jikoni, halafu taa zote mbili zikazima pamoja. Nilishuka ule mteremko kwa mwanga wa taa za hatari, unawaka, unazima, unawaka, unazima. Naomba yeyote asiyajue haya kwa kuyapitia.

Tulipofungua swichi ya usukani, plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kushikana na shaba. Soketi ya upande wa kulia ilikuwa kahawia, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Balbu mbili za wati 100 zinavuta zaidi ya ampea 16, na ile swichi haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Sasa nina 60/55 za kawaida na rilei, na naona mbali kuliko nilivyoona na zile kubwa. Kitu kingine: balbu ya halojeni usiishike kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yanatengeneza sehemu inayopata joto kupita kiasi na balbu inakufa mapema. Tumia kitambaa safi.

Mama Shamba

Ahsante kwa uzi, mwanzisha mada. Pikapu yangu inabeba magunia na mara nyingi narudi usiku. Mimi nilinunua zile balbu za LED zinazoingia kwenye tundu la H4, zenye feni ndogo nyuma. Nikiwa nimekaa ndani niliona kweupe mbele, nikafurahi. Lakini kila gari niliyopishana nayo ilinimulika kwa hasira. Niliendelea hivyo kwa mwezi mzima nikidhani wenzangu wana matatizo.

Siku moja kaka yangu aliendesha pikapu, mimi nikawa nakuja na gari lingine upande wa pili. Jamani, sikuiona barabara! Nilisimama pembeni. Niliona aibu na uchungu kwamba nimewafanyia watu hivyo mwezi mzima.

Nilipoulizia nikaelezwa vizuri. Ndani ya balbu ya H4 waya wa dimu umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma, na kile kikombe ndicho kinachozuia mwanga usipande juu. Kioo cha taa kimechongwa kufuata mahali waya ule ulipo, na ukisogea hata milimita moja au mbili mpangilio unavurugika. Zile za LED nilizonunua vimulimuli vyake havikukaa mahali pale, ndiyo maana mwanga ulitawanyika. Nchi nyingi hazizikubali kisheria kwenye taa zilizotengenezwa kwa halojeni, na sasa naelewa kwa nini. Nimerudi kwenye halojeni.

La pili ni mzigo. Taa zangu zilisetiwa gari likiwa tupu. Nikipakia magunia, nyuma inashuka, pua inainuka, na dimu inageuka kuwa fulu kwa anayekuja. Wenye pikapu hili ni letu kuliko wenye gari ndogo. Siku hizi naziseti gari likiwa na mzigo ninaobeba mara nyingi.

Mwanzisha uzi

Mama Shamba, hilo la mzigo limenipita kabisa, ahsante sana. Kwa wanaotaka kuseti wenyewe: simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama urefu huohuo ukutani. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe chini ya alama hiyo kama sentimita 10. Kama nafasi haitoshi, mita 5 kwa sentimita 5. Ziba taa moja kwa gunia au koti huku unaseti nyingine.

Msasa

Taa za pikapu yangu ni za plastiki na zilikuwa njano kama chai ya maziwa. Nilisugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, nikamalizia na dawa ya kung'arishia. Zikawa kama mpya. Kosa langu ni kwamba niliishia hapo. Baada ya miezi michache zikarudi njano, kwa sababu msasa unaondoa pia ile ngozi ya kiwandani inayozuia jua. Mara ya pili nilipulizia vanishi inayokinga miale ya jua na bado zinaonekana safi.

Waya Mwekundu

Nyongeza kwa wenye Toyota za zamani. Nilifunga rilei kwa mchoro wa kawaida nikakesha siku mbili, taa zinafanya vituko. Kumbe kwenye nyingi za hizo umeme chanya unafika kwenye taa tayari, na swichi inakatisha upande wa ethi. Kwa hiyo rilei: 86 unaipa chanya, 85 unaipa ule waya wa zamani wa dimu au wa fulu unaotoka kwenye swichi. Pima kwanza ujue gari lako ni la aina gani, ndipo ukate waya.

Mzee wa Barabara Ndefu

Wanangu, mimi nimebadilisha taa mara tatu. Nimeweka H4, nimeweka rilei, nimeongeza na za ziada za fulu kwenye bampa. Bado nilikuwa nalalamika sioni, na taa za wanaokuja nilikuwa naziona zimezungukwa na duara kama mwezi wakati wa ukungu. Binti yangu ndiye aliyenilazimisha twende kwa daktari. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nimeshafanyiwa upasuaji. Kwa wale wa umri wangu, pimeni betri na mpime macho.

Dizeli Tupu

Shikamoo mzee. Nashukuru umesema, baba yangu analalamika hivyohivyo kuhusu yale maduara. Nampeleka wiki hii.

Kona Kali

Naomba kuuliza, nimeletewa taa kutoka nchi ambako wanaendesha kulia. Kuna shida nikizifunga huku tunakoendesha kushoto?

Mwanzisha uzi

Ipo, mkuu. Mwanga wa dimu hauko sawa pande zote. Upande mmoja unapanda kumulika ukingo wa barabara. Ukifunga ya upande tofauti, ile sehemu iliyopanda inamwingia usoni anayekuja. Angalia kioo chake kwa mbele, kama ina alama ya E ndani ya duara. Karibu yake, mshale unaoelekea kulia kwako wewe unayeitazama maana yake ni ya kuendesha kushoto. Mshale wenye vichwa viwili inafaa kote. Ikiwa haina mshale, ni ya wanaoendesha kulia, irudishe.

Gurudumu la Nne

Nimerudi wakuu. Nimepima jioni hii, injini inawaka, dimu imewashwa. Betri 14.1. Taa ya kushoto 12.7. Ya kulia 10.9! Nikafuata waya wa ethi wa kulia, nikaukuta umefungwa kwa skrubu juu ya rangi, tangu bodi lilipopigwa rangi upya miaka sita iliyopita. Nimekwangua, nimekaza, sasa kulia ni 12.6. Zile LED sijanunua. Rilei nafunga Jumamosi.