Mjadala: Je, saiba zetu zizime masasisho ili kompyuta ziende kasi?

Mtoa mada (Langoni, Lamu): Kompyuta nyingi za saiba ni kuukuu. Mteja aliyekuja kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, husubiri mashine iwake mpaka anakata tamaa, na bando alilopaswa kulitumia huliwa na masasisho, yaani maboresho ya programu yanayojishusha yenyewe. Napendekeza masasisho na kinga ya virusi vizimwe kabisa. Naomba maoni ya wenzangu.

Mchangiaji (Malindi): Ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki, lakini dawa uliyoichagua naipinga kwa nguvu zote. Mteja huandika nywila na nambari ya kitambulisho chake kwenye mashine yako, na baada yake mwingine huchomeka flashi iliyozunguka mji mzima. Kuiondolea mashine hiyo kinga ni kuweka amana za watu katika nyumba isiyo na mlango. Mwezi Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili katika hospitali za Uingereza na kwingineko, kwa kupitia upenyo ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuuziba kwa sasisho la mwezi Machi mwaka huo huo.

Tutazame kinachochelewesha hasa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, kisha uzime zile za simu za video, za kuhifadhi mafaili mtandaoni na za printa ambayo hunayo tena. Ikiwa mashine bado ina diski ya kuzunguka, mipangilio haitaiokoa sana, kwa kuwa kichwa cha kusomea hulazimika kuhama huku na huku kutafuta kila kipande cha faili. Kuweka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, mahali pake huleta nafuu kubwa kuliko mipangilio yote. Tena, kwa sisi wa pwani, feni isafishwe: vumbi likigandamana na unyevu wa chumvi, joto hupanda, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hujipunguzia kasi ili isiungue.

Mtoa mada: Hoja ya nywila naikubali. Lakini bando je? Kila mashine ikishusha sasisho lile lile, mwenye saiba ndiye anayeumia.

Mchangiaji: Hapo nakuunga mkono, na ndiyo maana masasisho yapangiwe wakati wake badala ya kuzimwa. Mchana, uiarifu Windows kwamba intaneti yako inalipiwa kwa kipimo, nayo itaahirisha sehemu kubwa ya ushushaji. Usiku uondoe kizuizi hicho na uruhusu kompyuta zigawiane sasisho kupitia mtandao wa ndani. Lililo zito zaidi ni kwamba Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, ambacho mashine nyingi kuukuu hazina. Mashine hizo mimi ningeziwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa kushika nafasi ya Windows, yenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce, kwa sababu ni nyepesi, haina malipo, na fomu za eCitizen hujazwa ndani ya kivinjari tu.