Tunahamia Kansas City: Overland Park au Lee's Summit?

BabaTumaini:
Habari zenu wakuu. Mkataba wetu wa nyumba hapa Dallas unaisha mwisho wa Julai, na mke wangu amepata kazi Kansas City. Tumebakiza sehemu mbili, Overland Park na Lee's Summit. Kila ninaposoma naambiwa zote ni viunga vya Kansas City. Watoto wetu ni watatu. Wenyeji, mngechagua wapi? Wiki ijayo natakiwa kulipa dipoziti.

NesiWaUsiku:
Karibu sana kaka. Lakini Kansas City ipi? Ziko mbili, na ile kubwa haiko Kansas, iko Missouri. Overland Park iko Kansas, Lee's Summit iko Missouri. Hujasema kazi ya shemeji iko upande gani wala ni kazi gani. Kama ni nesi mwenye leseni ya majimbo mengi, pande zote mbili zinaitambua. Kama ni CNA, yaani msaidizi wa nesi, kila jimbo lina daftari lake, aanze kuhamisha cheti sasa hivi.

Mzee816:
Lee's Summit, bila kusita. Nina miaka 11 huku Missouri na sijutii. Mji wenyewe uko huku: sensa ya 2020 ilihesabu watu 508,090 Kansas City ya Missouri, na 156,607 ile ya Kansas. Watu wa kaunti ya Johnson, huko Overland Park, wakiwa safarini wanajiita watu wa Kansas City, ila ukiwaalika arusi Independence, huku Missouri, utaambiwa ni mbali.

MamaJoCo:
Mzee shikamoo, ila hapo sikubali. Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 197,238 Overland Park, wengi kuliko Kansas City ya Kansas yenyewe. Asubuhi watu wa Missouri wanavuka kuja kazini huku. Mji wa watu karibu laki mbili unaitwaje kiunga cha mwingine? Nikiwa hapa nasema naishi Overland Park, nikienda Nakuru nasema Kansas City. Simdanganyi mtu, namrahisishia.

MtuWaRongai:
Hata nyumbani ni hivyo. Rongai na Kitengela ziko Kajiado, Ruaka iko Kiambu, Syokimau iko Machakos. Lakini Krismasi tukifika ushago sote tunatoka Nairobi.

KibahaKwetu:
Na sisi wa Kibaha tuko mkoa wa Pwani, tunasema Dar. Tofauti ni kwamba kule nyumbani ukivuka mpaka wa mkoa, makato ya mshahara hayabadiliki. Hapa mstari unaingia mpaka kwenye mshahara.

FurahaKCK:
Hilo la mshahara naomba nilieleze, maana liliniumiza. Mwaka 2021 nilikuwa nakaa KCK, yaani Kansas City ya Kansas, nimeajiriwa na kampuni yenye ofisi Kansas. Kituo nilichopangiwa kilikuwa ng'ambo, ndani ya Kansas City ya Missouri, dakika 12 kutoka mlangoni kwangu. Kwenye karatasi ya mshahara makato yaliandikwa KS, yaani Kansas, nami nikaridhika, si ndiko ninakoishi? Februari nikaenda kwa mtu wa kujaza kodi. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia anwani ya kituo, akaniuliza: "Mama, kazi ulikuwa unaifanyia wapi?"

Kumbe Missouri inadai kodi ya kipato ulichokichuma kwake. Jiji nalo linadai asilimia 1 ya mshahara kwa kila anayeishi au kufanya kazi ndani yake. Na Kansas ilibidi nijaze kama mkazi. Kansas inakupunguzia kwa kile ulicholipa Missouri, ila hela yangu yote ilikuwa imekaa jimbo lingine: huku nasubiri nirudishiwe, kule nadaiwa leo. Nilitoa akiba niliyomwekea mdogo wangu wa Bujumbura kwa ajili ya ada. Alikaa nyumbani muhula mzima. Mpaka leo tukizungumza kwenye simu hagusii, na mimi sigusii.

Mzee816:
Pole sana binti yangu. Ila wasomaji waelewe, asilimia hiyo ni ya jiji la Kansas City, si ya Missouri yote. Anayeishi na kufanya kazi Lee's Summit haimhusu.

FundiBomba:
Majina ya huku yasikuendeshe. North Kansas City si upande wa kaskazini wa Kansas City, ni mji unaojitegemea. Barua za Gladstone na Raytown mara nyingi zinaandikwa Kansas City. Ukivuka Kansas, posta inaandika Shawnee Mission, na mji wenye jina hilo haupo! Kibali cha kufunga mabomba kinatolewa na mji halisi, kwa hiyo sipakii vifaa kwenye gari kabla sijajua ni mji upi. Pale State Line Road nimefunga mabomba nyumba mbili zinazotazamana, ya magharibi Kansas, ya mashariki Missouri. Vibali viwili, kwa barabara moja.

MwalimuTroost:
Majina haya hayakuanzia posta. Mission Hills na Prairie Village, upande wa Kansas, zilijengwa na kampuni ya J.C. Nichols, na hati za viwanja zilikataza Mtu Mweusi kununua au kupanga. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kulazimisha masharti hayo, lakini watu walikuwa wameshapangwa. Upande wa Missouri, barabara ya Troost iligawa mji hivyohivyo. Dalali akiniambia "eneo zuri" namuuliza zuri kwa nani.

MamaJoCo:
Mwalimu, historia naijua na inauma. Lakini wanangu wanasoma leo, na shule ya hapa inawafaa. Nisihamie kwa sababu ya Nichols?

MwalimuTroost:
Sijasema usihamie, dada. Nasema tusirudie maneno ya madalali kana kwamba ni ramani.

BabaTumaini:
Asanteni, samahani kwa kuchelewa. Mke wangu ni nesi. Nimefungua tena barua ya ajira: hospitali iko Kansas City, MO, yaani Missouri, lakini mafunzo ya wiki sita za mwanzo yako Overland Park. Bajeti ni dola 1,900 kwa mwezi. Gari tunalo moja.

NesiWaUsiku:
Moja! Kaka, hilo ungelisema mwanzo. Zamu yake ni ya mchana au ya usiku? Na wewe utafanya kazi upande gani?