Je, nimwambie mwombaji kazi kwamba watu watatu wameiacha nafasi anayoiomba?

Muulizaji

Salaam, wanajukwaa. Ninafanya kazi katika wakala wa ajira, na kabla ya hapo niliuza bima kwa miaka 6. Kwangu kazi hizi mbili hazitofautiani sana, kwa kuwa sasa ninauza nafasi kwa mwombaji na wakati huohuo ninamuuza mwombaji kwa mwajiri.

Ninatafuta msimamizi wa ghala kwa ajili ya mteja wetu mkubwa. Katika miezi 18 iliyopita nafasi hiyo imeshikwa na watu 3, na wote wameondoka kwa hiari yao. Wawili walinieleza kwa siri kwamba mkurugenzi aliyekuwa juu yao hubadili maagizo kila kukicha na huwapigia simu usiku. Nimempata mwombaji anayefaa kabisa, ambaye atalazimika kuacha kazi ya kudumu ili aichukue hii, naye ameniuliza waziwazi kwa nini nafasi iko wazi. Meneja wangu anataka nijibu kwamba kampuni inapanuka. Ni kweli inapanuka, lakini hilo silo nililoulizwa. Sehemu kubwa ya kipato changu ni kamisheni, na mwezi huu sijafikisha malengo. Je, nimwambie ukweli, na kama ni kumwambia, nimwambie kiasi gani bila kumsaliti mteja anayetulipa ada?

Mchangiaji wa kwanza (rasilimaliwatu)

Ndugu muulizaji, kauli ya kweli inayotolewa ili kuziba swali hufanya kazi ileile ya uongo, na mwombaji akishaligundua hilo hatajali kwamba kila neno lako lilikuwa sahihi. Atagundua mapema, pengine siku ya kwanza wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu kila mtu pale ghalani anajua ni wangapi wamepita.

Hata hivyo, tenganisha mambo mawili ambayo umeyachanganya. Idadi ya waliopita na muda waliokaa si siri ya mtu, kwa hiyo huna sababu ya kumficha aliyeuliza. Maneno waliyokuambia wale wawili si yako, nawe huna ruhusa ya kuyasambaza, hasa kwa kuwa wakiwa wawili tu ni rahisi kuwatambua. Mwambie idadi, kisha mwelekeze kwenye maswali ya kumuuliza mkurugenzi mwenyewe katika usaili: vipaumbele vya ghala hupangwa na nani na hubadilishwa mara ngapi, na ni dharura gani humfanya ampigie msimamizi simu baada ya saa za kazi. Namna mkurugenzi atakavyoyapokea maswali hayo itamfundisha mwombaji mengi kuliko maelezo yako.

Kuhusu hofu kwamba ukisema ukweli utampoteza, liko jaribio maarufu lililochapishwa na John Wanous mwaka 1973, ambamo waombaji wa kazi ya kuhudumia simu walioneshwa filamu ya aina mbili, moja ikiisifu kazi na nyingine ikionesha pia karaha zake. Waliooneshwa karaha walipunguza matarajio yao, lakini hawakuikataa kazi kwa wingi zaidi ya wenzao. Nikiri kwamba tafiti zilizofuata zimeonesha kuwa uwazi huo huwapunguza wanaoacha kazi kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo usiutegemee umtibu mkurugenzi mbaya.

Mchangiaji wa pili (mauzo ya mitambo)

Ninakubaliana na mwenzangu, ila ninaomba tusiupambe ukweli kana kwamba ni mbinu ya mauzo. Niliwahi kumwambia mteja kwamba mashine ya kuchapisha aliyoitaka isingehimili karatasi nzito alizokuwa akitumia kila siku. Alinishukuru, akaenda kununua kwingine, na hadi leo hajarudi. Katika mafunzo ya mauzo hadithi kama hii huishia kwa mteja kurudi na oda mara tatu. Yangu haikuishia hivyo. Nilichopata ni kwamba fundi wetu hakuitwa kila wiki kwenda kurekebisha ahadi yangu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali hiyo inamhitaji mnunuzi anayeweza kukitofautisha kizuri na kibaya. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwa mfano wa magari yaliyotumika kinachotokea mnunuzi asipoweza: huogopa kudanganywa, hivyo hutoa bei ya wastani kwa kila gari, na mwenye gari zuri akiona bei hiyo haimlipi hujiondoa sokoni. Waombaji wengi wameshatuweka katika hali hiyo, kwa maana wanapunguza nusu ya kila sifa tunayoitaja, na anayesema kweli hupunguziwa sawa na mwongo. Kwa hiyo kusema "niamini" hakusaidii, kwa kuwa hata mwongo husema hivyo bila gharama. Kinachosikika ni lile ambalo mwongo asingethubutu kulitamka, yaani kasoro mahususi, ikitajwa kabla mtu hajafanya uamuzi. Wewe hiyo kasoro unayo tayari mkononi.

Mchangiaji wa tatu

Mnamshauri vizuri, lakini hakuna aliyegusa kamisheni, na mimi naona kiini kiko hapo. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya jumla ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi wake walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa mwenendo huo. Siamini kwamba benki moja ilibahatika kuajiri maelfu ya waongo wa kuzaliwa. Walikuwa wamewekewa malengo yasiyofikika kwa njia halali, na kila siku waliulizwa wamefikia wapi.

Kwa hiyo usimwendee meneja wako na mahubiri. Mwendee na mkataba wa mteja. Mikataba mingi ya mawakala ina kipindi cha dhamana, mara nyingi siku 90, ambapo mtu akiondoka wakala hutafuta mwingine bila malipo au hurudisha sehemu ya ada. Kama wakala wenu ndio uliowapeleka hao watatu, mwulize ni mara ngapi mmefanya kazi hiyo bure. Anayekuhimiza useme "kampuni inapanuka" anahesabu ada ya mwezi huu tu, na pengine hajakaa akahesabu hasara ya miezi inayofuata, mtu akiondoka tena.

Mchangiaji wa nne

Nyongeza fupi. Mwambie mwombaji pia kwamba anayekulipa ni mwajiri. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kwa ujumla wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, ingawa unaruhusu hali chache za kipekee, kwa hiyo kulipwa na mwajiri si aibu. Ila mtu akijua fedha zinatoka upande gani, atajua pia ushauri wako aupime kwa mizani ipi.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nilifuata njia ya mkataba. Watu 2 kati ya wale 3 tuliwapeleka sisi, na mmoja aliondoka ndani ya kipindi cha dhamana. Meneja aliponyamaza mbele ya hesabu hiyo, nilimwomba ruhusa ya kumpigia mteja na kumweleza kabla ni nini ningemwambia mwombaji. Mkurugenzi alikasirika, kisha akataka kujua nilijuaje habari za simu za usiku, kwani katika orodha ya maswali niliyomsomea hilo lilikuwamo. Nilikataa kumjibu, na sidhani kama amenisamehe. Nikiangalia nyuma, ningeliuliza swali hilo kwa upana zaidi, maana nilijiona mwangalifu huku nikikaribia kuwafichua wale wawili.

Mwombaji nimemweleza idadi, nimemwambia nani ananilipa, na nimempa maswali ya kwenda nayo. Usaili ulifanyika juzi. Ametaka saa za kupigiwa simu ziandikwe katika mkataba wake wa kazi, na ameomba siku 4 za kufikiri. Mwezi umeisha na malengo sikuyafikisha.