Baba anaiga kila ninachofanya, kondakta kamzaba kibao. Naombeni ushauri

Binti wa Mbagala:
Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 59, alikuwa fundi seremala. Toka mwaka jana amebadilika, hajali mtu, sukari anakula kwa kijiko. Sasa limezuka hili la kuiga. Juzi nakuna nazi, yeye kakaa mkekani mbele yangu, mikono inakwenda kama yangu, hana mbuzi wala kifuu. Nikafuta jasho, naye akafuta. Nikamwambia "baba, acha", akaacha, kidogo tu mikono ikaanza tena.

Jumamosi kwenye daladala kondakta alikuwa akipiga bodi kwa kiganja, baba naye akawa anapiga kiti. Yule akadhani anadhihakiwa, akamzaba kibao. Baba wa watu kimya. Nililia njia nzima. Shangazi anasema ni majini, twende kwa mganga. Mwenye kujua anisaidie.

Mzee Tandika:
Marahaba, pole binti. Kisomo msiache, ila na hospitali mwende.

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Hafanyi makusudi, na shangazi aelezwe hivyo. Hali hiyo inaitwa ekopraksia. Kuiga tunaanza utotoni, mtazame mtoto mdogo. Tukikua, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia. Ikidhoofika, mikono inajiendea. Huonekana kwenye ugonjwa wa Tourette (mtu hushtuka-shtuka na kutoa sauti bila kutaka), ambao daktari Mfaransa Gilles de la Tourette aliueleza mwaka 1885, kwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo), hata baada ya kiharusi. Ila kwa umri wake, na huko kutojali na sukari, mimi ningeulizia dimensia, yaani ubongo kuchakaa taratibu, ile inayoshika mbele ya ubongo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, na mwanzoni kumbukumbu huweza kuwa nzima, ndiyo maana watu hawaishtukii.

Anzeni hospitali ya Temeke, ombeni rufaa ya daktari wa mishipa ya fahamu Muhimbili. Mrekodi video, daktari aone. Akikakamaa, akawa hasemi wala hali, mkimbize siku hiyo hiyo: hiyo ni katatonia, ni dharura, na dawa ipo.

Mama Pacha:
Mama mkwe alikuwa hivyo. Tulimpa kitu cha kushika, akatulia.

Binti wa Mbagala:
Asanteni sana. Kweli kumbukumbu anayo, wateja wake wa zamani anawataja kwa majina. Jumatatu tunakwenda Temeke, shangazi kakubali kutusindikiza. Mama Pacha, nimempa msasa na kipande cha mninga. Anasugua tangu alasiri, na mimi napika mbele yake hata hanitazami.