Kikundi: Ukoo wa Kirumba 🐟

Shangazi Igoma: Jamani, Dogo kamaliza mchezo wake wa chess? Nampigia hapatikani

Mjomba Kirumba: Dada, simu haiingii ukumbini kule. Ukikutwa nayo umepoteza mchezo. Meza tatu zimeisha, tunaongoza 2–1. Kabaki yeye, meza ya nne

Shangazi Igoma: Anashinda?

Mjomba Kirumba: Anajitetea. Mzee wa watu kabaki na kete mbili za kumsaidia mfalme, ngome na askofu, Dogo ana ngome tupu. Askari wameisha wote. Akipata sare mechi yetu, 2½–1½

Binamu Nyegezi: Si wakubaliane sare wakalale

Mjomba Kirumba: Mzee akubali timu yake ifungwe? Kitabuni hii ni sare, ila hata mabingwa huwa wanaipoteza

Shangazi Igoma: Kwani huyo ni bingwa?

Mjomba Kirumba: Hana cheo, kama Dogo tu. Olimpiadi mabingwa kina Carlsen wako meza za mbele, huku nyuma ni watu na kazi zao

Babu: Huko ni kukimbizana. Isolo, bao letu la Kisukuma, ingekuwa imeshaisha watu wamekula

Mjomba Kirumba: 😂 Ipo sheria, Babu. Hatua 50 kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, unadai sare. Askari wa mwisho kaliwa hatua ya 71. Ikifika 121 basi

Binamu Nyegezi: Sasa ni 118

Mjomba Kirumba: Mfalme na ngome wote mstari wa pili. Hapo hapo mwanangu, usitoke

Binamu Nyegezi: 121!!

Binamu Nyegezi: 123. Mbona wanaendelea??

Shangazi Igoma: Mwamuzi kalala?

Mjomba Kirumba: Mwamuzi haongei mpaka uombe. Yeye anaingia mwenyewe zikifika 75. DAI DOGO

Shangazi Igoma: Umeme umekatika huku, niandikieni kila kitu

Binamu Nyegezi: 126

Binamu Nyegezi: ½–½ 🔥🔥🔥

Shangazi Igoma: Nusu ndiyo nini sasa

Mjomba Kirumba: Ndiyo tumeshinda mechi, dada!

Babu: Wabeja, asante Dogo

Dogo: Shikamooni. Ndo natoka

Shangazi Igoma: Marahaba baba. Umekula?

Mjomba Kirumba: Kwa nini hukudai ya 121?? Presha yangu!

Dogo: Mjomba, nilikuwa nahesabu kwenye karatasi kidogo kidogo, zamu yake ikifika. Ukidai kimakosa mwenzio anaongezewa dakika 2. Yule mzee saa ilikuwa inamwishia, nimpe dakika za nini?

Mjomba Kirumba: Na wewe ulibakiwa na ngapi?

Dogo: Sekunde 40 😅

Shangazi Igoma: Nimeuliza umekula