Eti gari langu lipimwe kwa kilo kama dagaa!

Ndugu wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa kuwa hazijapita saa 2 tangu nitoke kwenye gereji ya wakala wa magari, pale ambapo kila mwenye gari hapa Mwanza anapafahamu: vioo toka chini hadi juu, vigae vyeupe, na kiyoyozi kinachoweza kuhifadhi sangara wiki nzima bila barafu. Sitapataja. Yule bwana aliyenipokea naye sitamtaja, maana aliyewahi kufika pale amekwisha kumwona, na shati lake lililopigwa pasi hadi mikunjo yake inaweza kukata nyanya.

Gari langu lilianza kuchemsha juzi nikitokea Sengerema. Nilipomaliza daraja la Kigongo–Busisi mshale wa joto ulikuwa umefika kwenye nyekundu, nikaegesha, nikasubiri lipoe, na kijana mmoja wa bodaboda akanisaidia kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi si fundi, lakini nimeendesha miaka 15 na ninajua maana yake: maji ya rejeta yamechanganyika na oili, na anayeshukiwa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na injini yenyewe. Likavutwa hadi mjini.

Usiku ule sikulala kwa kuwaza nilipeleke wapi. Fundi wangu wa Mabatini hana mashine ya kupimia wala hatoi dhamana ya maandishi, ingawa hupokea simu hata saa 4 usiku. Kwa wakala nilitarajia spea halisi, na zaidi nilitarajia ile spana inayopima nguvu ya kukaza bolti, kwa sababu hedi ya alumini ikikazwa kwa kukisia, gasketi mpya nayo huungua mapema. Nikaamua kwamba kazi kubwa kama hii iende kwa wenye vifaa.

Bwana yule alilizunguka gari mara moja. Hakufungua boneti. Alichungulia kilomita, akaona 287,000, akatazama magunia yangu matupu ya dagaa nyuma, akavuta pumzi kwa pua, kisha akasema mbele ya wateja 6: "Mama, hili lipime kwa kilo tu, kama dagaa wako."

Kwa kilo, kama chuma chakavu! Kama dagaa! Dagaa hao wa soko la Mwaloni ndio walionunua gari hilo, wakasomesha wanangu 3, na ndio waliokuwa wanakwenda kumlipa yeye. Kisha, bila aibu, akanikabidhi karatasi ya makadirio: injini nzima ibadilishwe, shilingi milioni 9.4, na hapo bado VAT ya asilimia 18. Daktari gani anayeagiza mguu ukatwe kabla hajafunua shuka? Boneti hakufungua. Narudia, hata boneti hakuigusa, lakini kilo alizijua.

Naomba mniambie: nirudi Mabatini, au kuna gereji nyingine yenye vifaa na watu wenye adabu?

Jibu la 1
Mayu, pole sana. Huyo bwana tunamfahamu sote. Mimi aliniambia kwamba gari langu lina umri wa kustaafu, na nilikuwa nimekwenda kubadilisha oili tu.

Jibu la 2
Mama, ukweli usikuudhi. Umelileta gari likiwa linavutwa kwa kamba, lina kilomita 287,000 na harufu ya Mwaloni, halafu ulitaka lipokelewe kwa vigelegele? Ungelipima kwa kilo, leo hii ungekuwa na pesa mkononi.

Jibu la 3
Afadhali wewe uliyetukanwa. Mimi fundi wa mtaani alisawazisha silinda hedi kwa kuisugua na msasa kwenye sakafu ya saruji, badala ya kuipeleka kwenye mashine. Kisha akarudisha bolti zilezile, wakati katika injini nyingi za kisasa bolti hizo hurefuka zinapokazwa na hazitakiwi kutumika tena. Nilipofika Usagara moshi mweupe ulitanda hadi abiria wa daladala iliyokuwa nyuma yangu wakateremka.

Jibu la 4
Mimi ni fundi, na ninyi wenye magari mmenichosha. Mteja ananunua gasketi ya bei ya chini kabisa, ananiletea imefungwa kwenye gazeti, ikiungua anatangaza kwamba fundi ni tapeli. Tena hamtazami kifuniko cha rejeta. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyobanwa na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kikilegea, shinikizo linapotea, maji yanachemka mapema na kumwagika, injini inabaki kavu, na hedi inapinda.

Jibu la 5
Fundi, usitutishe. Mimi ninaweka maji ya bomba tangu 2009 na sijawahi kuchemsha hata siku moja.

Jibu la 6
Maji ya bomba ndiyo yanayoleta kutu ndani ya injini. Weka kipozea kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, wala usichanganye cha kijani na chekundu kwa kuangalia rangi pekee.

Mwanzisha uzi
Ndugu zangu, naomba turudi kwenye jambo langu. Alisema kwa kilo, kama dagaa, bila kufungua boneti! Nimelivuta gari hadi Mabatini jioni hii. Fundi wangu amenisalimia, amefungua boneti, na kabla ya kusema neno lolote kuhusu bei amenionyesha kifuniko cha rejeta: mpira wake wa ndani umekatika nusu. Kesho anaifungua hedi, na amesema tutaipeleka pamoja kwenye mashine ili nione kwa macho yangu kama imepinda.

Jibu la 7
Mama, samahani, hicho kifuniko kimeandikwa shinikizo la 0.9 au 1.1? Nami ninatafuta cha gari langu.