Seftriaksoni ya kisonono: ninunue nyingi sasa au ningoje vidonge vipya?

DepoLshi
Wandugu wa famasi na wa hospitali, naomba mwangaza. Depo yetu iko Lubumbashi, tunauzia famasi ndogo na santre za afya za komini za hapa mjini: Katuba, Kenya na Kampemba. Msambazaji anatupa bei ya chini kwa makatoni ya antibiotiki ya sindano, seftriaksoni 250 mg, yamebakiza miezi kumi na minne kabla ya kuisha muda. Anaiita "dozi ya kisonono". Tena nasikia Marekani imekubali vidonge viwili vipya vya sopisi, yaani kisonono. Soko la sindano linakwisha? Na famasi bado zinaagiza siprofloksasini kwa ugonjwa huu, niendelee kuwapa?

Famasi_Hospitali
Yaya, hiyo 250 mg iache, hata kama bei inavutia. Ilikuwa dozi ya OMS (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2016, ikitolewa pamoja na azitromisini 1 g. Mwaka 2024 OMS imepandisha seftriaksoni hadi 1 g, mara moja, kwenye msuli. Uingereza walitangulia kufika 1 g, Marekani wako kwenye 500 mg tangu mwisho wa 2020. Sababu yao ni moja: vijidudu vinazidi kuhitaji dawa nyingi ili vife. Mwenye vichupa vya 250 mg angepaswa kufungua vinne kwa mgonjwa mmoja, na hatafanya hivyo. Atachoma kimoja, usaha utapungua, na vijidudu vitakavyosalia mwilini ni vile vigumu.

Chukua 1 g, ila fungua boksi uone kilichomo. Mara nyingi kuna maji ya mililita 10, na hayo ni ya kuchoma kwenye mshipa. Kwa msuli, 1 g inayeyushwa kwa mililita 3.5 za lidokaini 1% isiyo na adrenalini, inachomwa ndani kabisa ya tako, baada ya kuvuta bomba kidogo kuona kama damu inaingia. Ukiwa na lidokaini ya 2% tu, changanya mililita 1.75 zake na mililita 1.75 za maji ya sindano. Dawa iliyokwisha changanywa na lidokaini haiingii kwenye mshipa hata tone moja, ni hatari kwa moyo. Basi uza boksi la 1 g pamoja na lidokaini na bomba la mililita 5, kwa sababu hapo ndipo santre ndogo zinakwama: dawa ipo, cha kuyeyushia hakipo, mgonjwa anachomwa kwa maji matupu na maumivu yanamfanya akatae sindano siku nyingine.

Muganga_Katuba
Siprofloksasini iondoeni kabisa kwenye kisonono. Marekani waliiacha mwaka 2007 kwa sababu ya usugu, yaani vijidudu kutosikia tena dawa, na bila maabara kuotesha kijidudu na kukipima hakuna haki ya kuitoa. Azitromisini peke yake vilevile hapana.

Mwanaume anayetokwa na usaha, pale pasipo na kipimo, anatibiwa kisonono na klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa) pamoja: seftriaksoni 1 g, halafu doksisiklini 100 mg asubuhi na jioni kwa siku 7. Mama mjamzito hapewi doksisiklini. Anapewa azitromisini 1 g mara moja. Mwenzake wa ndoa au wa mapenzi anatibiwa pia, hata kama hana dalili, na wote wawili wanaacha tendo kwa siku 7. Kwa wanawake kazi ni ngumu zaidi. Wengi hawana dalili yoyote, na uchafu wa ukeni mara nyingi unatokana na kitu kingine. Kwa hiyo kipimo kina thamani kuliko dawa: mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, ina kartushi ya kisonono na klamidia inayotoa jibu kwa dakika 90 hivi. Msirudie kipimo hicho kabla ya wiki mbili, kinaweza kusoma mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa.

Usaha ukiendelea baada ya siku 3 hadi 5, ulizeni kwanza kama mwenzake alitibiwa. Kama alitibiwa, chukueni sampuli ya kuotesha kabla ya kuongeza antibiotiki, na msiiweke kwenye friji: kijidudu hiki kinakufa kwa baridi na kwa kukauka.

Mchunguzi_Soko
Kuhusu hizo dawa mpya. Marekani imezikubali zote mbili Desemba 2025. Gepotidasini ya kampuni ya GSK ni vidonge: 3 g, kisha 3 g nyingine baada ya saa 10 hadi 12. Marekani wameiwekea wenye njia chache za matibabu au wasio nayo kabisa. Zoliflodasini si kidonge, ni chembechembe za kukoroga kwenye maji, 3 g, mara moja. Hii ndiyo ya kufuatilia huku kwetu, maana shirika lisilo la faida, GARDP, lilisimamia jaribio lake kubwa la watu 930 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, na lina haki ya kuisambaza katika nchi zaidi ya 160, zote maskini zikiwemo.

Wagonjwa si haba: OMS ilikadiria maambukizi mapya milioni 82 duniani mwaka 2020. Lakini dawa hizi zikiuzwa ovyo kaunta zitaharibika kama penisilini na siprofloksasini. Natarajia zipite kwanza kwenye programu za serikali na santrali kama CAMELU, ghala kuu la dawa muhimu la Lubumbashi. Wewe usinunue boksi lolote kabla ya kuona namba ya AMM (kibali cha kuuza dawa) ya ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. Dawa mpya inayosifiwa huvuta bandia haraka.

Na seftriaksoni haifi. Sehemu kubwa ya mauzo yake ni nimonia, homa ya uti wa mgongo, upasuaji. Kisonono ni sehemu ndogo tu.

DepoLshi
Asanteni sana. Basi 1 g. Niagize kiasi gani?

Famasi_Hospitali
Chukua matumizi ya wateja kwa miezi mitatu, gawa kwa tatu. Vichupa 120 ni 40 kwa mwezi. Mzigo ukichukua miezi miwili kufika, na unataka akiba ya miezi miwili, ni 40 mara 4, yaani 160. Toa vilivyopo stoo, tuseme 50, unaagiza 110. Viache ndani ya maboksi kwa sababu mwanga unaviharibu, na soma joto lililoandikwa: stoo ya bati mwezi wa kumi hapa inapita nyuzi 30 kirahisi. Ukipokea, linganisha namba ya loti ya kichupa na ya boksi, na yeyusha kimoja. Kikibaki na chembe au ukungu, rudisha mzigo wote. Ongeza na pomadi ya tetrasiklini 1% ya kukinga macho ya watoto wachanga na kisonono, maternite zinaihitaji kila siku.